Kihmong si Kichina kilichovunjika

Kuna hukumu moja inanikera sana. Mtu anasikia lugha asiyoijua, anaipima kwa lugha kubwa anayoijua kidogo, halafu anakata shauri papo hapo: "Aa, si ile ile tu, ila imevunjika." Sisi wenye Kiswahili tumelishwa hukumu hiyo miaka nenda miaka rudi. Nani hajawahi kuambiwa kwamba Kiswahili ni Kiarabu kilichotiwa maji? Ukiuliza ushahidi uko wapi unatajiwa kitabu, dunia, habari na safari, basi, kesi imekwisha.

Hivi karibuni nimeisikia tena, ila safari hii waliohukumiwa ni watu wa mbali. Ninasoma Kichina jioni na wenzangu kadhaa. Siku moja wakati wa mapumziko mmoja wetu alikuwa anatuonyesha kwenye simu video ya Sunisa Lee, yule binti wa Minnesota aliyechukua dhahabu ya jimnastiki katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Nikasema huyo ametoka katika familia ya Wahmong. Wahmong ndiyo akina nani? Kabla sijajibu, jamaa mwingine akadakia: "Wachina wa milimani hao. Lugha yao Kichina cha kijijini, nimewasikia YouTube, wanapandisha na kushusha sauti vile vile." Mwalimu akarudi, mjadala ukafa. Kwangu haukufa. Kwa hiyo leo, ndugu msomaji, naomba uvumilivu wako tuzungumze lugha mbili, moja ambayo siku hizi unaisikia hata Kariakoo, na nyingine ambayo huenda hujawahi kuisikia kabisa.

Kwanza watu wenyewe. Wahmong ni watu wa milima ya kusini mwa China, hasa Guizhou, Yunnan na Sichuan. Katika karne ya 19 wengi walisogea kusini zaidi hadi kaskazini mwa Vietnam, Laos na Thailand. Wakati wa vita vya Laos, shirika la ujasusi la Marekani, CIA, liliwapa silaha maelfu ya Wahmong wapigane upande wake chini ya Jenerali Vang Pao. Upande huo ukashindwa mwaka 1975, watu wakaanza kuvuka mto Mekong usiku kwenda kwenye kambi za Thailand, na kutoka huko wakatawanyika: Marekani, Ufaransa, Australia, hata Guyana ya Ufaransa kule Amerika Kusini. Marekani peke yake leo wako zaidi ya 300,000, wengi wao California, Minnesota na Wisconsin.

Huko China hawahesabiwi kwa jina la Wahmong. Wamewekwa ndani ya kabila kubwa liitwalo Miao, moja kati ya makabila 56 yanayotambuliwa na serikali. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu Wamiao kiasi cha milioni 11. Ndani ya jina hilo moja kuna lugha kadhaa ambazo wasemaji wake hawaelewani hata kidogo, lakini kwa lugha ya ofisini zote ni "lahaja" za Kimiao. Jina lenyewe lina maneno yake. Wako wanaolikubali bila shida, hasa ndani ya China, na wako walioko nje wasiotaka kulisikia, kwa sababu kusini mwa mpaka liligeuzwa kuwa "Meo" na likatumika kama tusi. Kwa Kivietnam mèo ni paka. Hebu fikiria unaandikishwa ofisini, na kwenye nafasi ya kabila karani anaandika paka.

Haya, sasa tuje kwenye kile kilichomshika jamaa yangu: toni.

Kila anayeanza Kichina anakutana na wimbo uleule wa siku ya kwanza. Mā ni mama, má ni katani, mǎ ni farasi, mà ni kutukana. Toni nne. Kihmong kimezidi. Katika Kihmong Cheupe, ambayo ni moja ya lahaja mbili kubwa za Wahmong wa Laos na Marekani, pob ni mpira, poj ni jike, pov ni kutupa, po ni wengu, pos ni mwiba, pog ni bibi mzaa baba, na pom ni kuona. Hizo ni saba, na ya nane ipo ila hutokea mara chache.

Usizitamke hizo herufi za mwisho! Hapo wengi hunaswa. Neno la Kihmong Cheupe huishia kwenye irabu, au irabu inayopitia puani, basi. Halina konsonanti ya kufungia. Sisi tunawaelewa vizuri kwa hilo, maana hata record ya Waingereza tuliigeuza rekodi ili mdomo upumzike kwenye irabu. Sasa wamisionari watatu, Mfaransa Yves Bertrais na Wamarekani Linwood Barney na William Smalley, walipotengeneza maandishi ya Kihmong kwa herufi za Kilatini huko Laos kati ya mwaka 1951 na 1953, waliona kwamba mwisho wa neno kuna nafasi isiyo na mtu. Wakapanga toni humo. Ndiyo maana Hmong huandikwa Hmoob: zile o mbili ni sauti ya puani, na b inakuambia paza sauti juu. Mimi naona ni ufundi wa hali ya juu, ingawa mgeni akiliona neno hilo mara ya kwanza atalisoma vibaya tu.

Je, toni zinathibitisha undugu? Muulize Mhaya. Muulize Mganda au Mkikuyu. Lugha zao zina toni, na toni ikikosewa neno linapotea. Kiswahili kilikuwa nazo zamani kikazipoteza njiani, na hakuna mtaalamu anayekiondoa kwenye ukoo wa Kibantu kwa sababu hiyo. Lugha huweza kupata toni na huweza kuzipoteza.

Lakini mimi ni mwandishi wa habari na kazi yangu inanitaka niupe upande wa pili nafasi ya kusema, tena niupe ushahidi wake mzito kuliko wote. Jamaa yangu hakuujua, ila upo. Tazama majina ya ukoo ya Wahmong. Lee, kwa maandishi yao Lis. Vang, wao huandika Vaj. Yang ni Yaj. Xiong ni Xyooj. Moua ni Muas. Cha ni Tsab. Sasa weka pembeni majina ya Kichina: Lǐ, Wáng, Yáng, Xióng, Mǎ, Zhāng. Umeona? Si sauti tu zinazofanana. Wachina wote wenye toni ya pili hapo, Wáng, Yáng na Xióng, kwa Kihmong wameangukia herufi j. Wenye toni ya tatu, Lǐ na Mǎ, wameangukia s. Zhāng wa toni ya kwanza ameangukia b.

Toka kwenye majina, ingia kwenye vitu. Dhahabu kwa Kichina ni jīn, kwa Kihmong kub. Havifanani? Zamani neno hilo la Kichina lilianza na k na kuishia na m, na Wakantoni hadi leo wanasema gam. Kihmong kikaikata m, kikabakiza kub, na toni ya kwanza imekuwa b kama ilivyotarajiwa. Fedha ni yín, kwa Kihmong nyiaj, toni ya pili kwa j. Shaba ni tóng, kwa Kihmong tooj, j tena. Elfu ni qiān, kwa Kihmong txhiab. Kuku ni jī, kwa Kihmong qaib. Gari ni chē, kwa Kihmong tsheb. Mtu akinionyesha orodha ya namna hii bila maelezo mengine, na mimi ningesema hawa ni ndugu wa tumbo moja. Wanaisimu wenyewe wametufundisha kwamba sauti zikilingana kwa mpangilio usiokosea, hapo undugu upo.

Basi kwa nini siamini?

Itazame tena hiyo orodha. Dhahabu, fedha, shaba, elfu, gari, jina la ukoo la kuandikwa kwenye daftari la serikali. Hiyo ni orodha ya soko na ofisi. Ni maneno ambayo watu wa milimani wangeyapokea kwa dola kubwa iliyokaa bondeni ikitoza kodi na kuuza chumvi. Na hapo nimekumbuka kitu kilichonichekesha peke yangu. Nyiaj kwa Kihmong ni madini ya fedha, na pia ni pesa ya kutumia. Na sisi? Fedha! Neno tulilopata kwa Waarabu, kwao likiwa ni jina la madini, kwetu limekuwa madini na pesa pia. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja na jirani yake tajiri, wamekopa neno la kitu kilekile na kulifanyia jambo lilelile.

Sasa acha soko, ingia nyumbani. Jua: Kichina rì, Kihmong hnub. Mwezi: yuè, hli. Maji: shuǐ, dej. Mkono: shǒu, tes. Mti: shù, ntoo. Samaki: yú, ntses. Mbwa: gǒu, dev. Ulimi: shé, nplaig. Mimi: wǒ, kuv. Wewe: nǐ, koj. Kula: chī, noj. Kufa: sǐ, tuag. Hapa ule mpangilio mzuri umeyeyuka. Wako wataalamu wanaotafuta chini kabisa na kuokota neno hapa na pale linaloonekana kuoana, lakini ukilinganisha na ulivyomwagika ushahidi wa dhahabu na elfu, huku nyumbani ni ukame.

Na tahadhari kwa wanaopenda kuokota maneno mawili matatu: "kuua" kwa Kihmong ni tua. Sisi tunasema ua. Tufanye karamu ya undugu?

Linabaki swali gumu. Kama ni mkopo tu, kwa nini toni zilingane kwa utaratibu namna ile? Jibu lake ndilo lililonifanya nipende somo hili, na linaanzia Vietnam. Mwaka 1912 msomi Mfaransa Henri Maspero alikiweka Kivietnam kwenye ukoo mmoja na Kithai, na sababu yake kubwa ilikuwa toni. Mwaka 1954 Mfaransa mwingine, André-Georges Haudricourt, akaonyesha kwamba Kivietnam ni ndugu wa Kikambodia, ambacho hakina toni, na kwamba toni za Kivietnam zilizaliwa baadaye kutokana na konsonanti zilizokufa. Kitu hicho hutokeaje? Jaribu mwenyewe. Tamka pa, kisha ba. Ukisikiliza sana utaona ba huanza chini kidogo. Maadamu p na b zipo zote, tofauti hiyo ya sauti haina kazi. Lakini vizazi vikipita na watu wakailegeza b mpaka ikawa p, kilichobaki cha kutofautisha maneno mawili ni ule urefu wa sauti tu, mmoja juu na mwingine chini. Konsonanti imekufa, imeacha mrithi.

Ndivyo toni nne za Kichina cha kale zilivyogawanyika kila moja mara mbili. Kihmong nacho kilikuwa na makundi manne, yakagawanyika vivyo hivyo yakawa manane, ingawa katika Kihmong Cheupe makundi mawili yamekutana tena kwenye herufi s. Kithai kadhalika. Kivietnam kadhalika. Lugha za ukoo tofauti, zimekaa jirani, wasemaji wake wakioana na kuuziana nguruwe, zikapatwa na mageuzi yaleyale kama mafua yanavyopita nyumba hadi nyumba. Maneno kama dhahabu na fedha yaliingia Kihmong zamani, kabla ya mgawanyiko huo. Lugha zote mbili zilipogawanyika, maneno ya mkopo yakagawanyika pamoja na wenyeji. Kwa hiyo ule ulinganifu ni wa kweli kabisa, na unachothibitisha ni kwamba hawa ni majirani wa siku nyingi mno.

Kwenye sarufi habari ni hiyohiyo, nusu kwa nusu. Lugha zote mbili hazinyambui vitenzi, hazina wingi wala umoja kwenye jina, na huwezi kuhesabu kitu bila kukitia kwanza kwenye kundi lake. Mchina hasemi "moja kitabu", anasema yī běn shū, na hiyo běn ni ya vitabu. Mhmong anasema ib phau ntawv, na hiyo phau ndiyo běn yake. Kuna lub kwa vitu vya mviringo na nyumba, tus kwa viumbe na vitu virefu, daim kwa vitu bapa, rab kwa zana zenye mpini. Aliyelelewa na ngeli za Kiswahili hawezi kushangaa sana, ingawa ngeli zetu huongoza sentensi nzima na hizo zao hukaa karibu na jina tu. Ila Mhmong akisema lub tsev bila namba, anamaanisha nyumba ile tunayoijua. Mtu wa Beijing hawezi kusema hivyo. Na Kithai na Kivietnam navyo vina makundi ya namna hiyo, kwa hiyo hapo pia tunaona ujirani.

Mahali pengine wanapeana migongo kabisa. Mchina husema "kubwa nyumba". Mhmong husema tsev loj, nyumba kubwa, kama wewe na mimi. Mchina akitaka kusema kitabu nilichonunua, husema wǒ mǎi de shū, maelezo yote mbele na kitabu mwisho, na mpaka leo hapo ndipo ninapojikwaa darasani. Mhmong anaanza na kitabu chake: phau ntawv uas kuv yuav. Nilipoliona hilo nilitamani ningekuwa najifunza Kihmong!

Na sauti jamani. Kichina cha Beijing kina konsonanti ishirini na kitu. Kihmong Cheupe kina zaidi ya 50, na ndani yake kuna familia nzima ya nt, np, nk, nts, maneno kama ntawv, karatasi, na npua, nguruwe. Beijing huzipati hizo. Mtu wa Mbeya au Ndanda hata hashtuki.

Nimeweka mwisho kitu kilichonigusa kuliko vyote, namba. Moja hadi kumi kwa Kihmong ni ib, ob, peb, plaub, tsib, rau, xya, yim, cuaj, kaum. Mbili na tatu ni zao wenyewe. Kuanzia nne hadi tisa, Martha Ratliff, Mmarekani aliyeandika historia ya lugha za ukoo huu mwaka 2010, anaona zilikopwa zamani sana kutoka lugha za upande wa Tibeti na Burma. Kisha mia, elfu na elfu kumi, yaani puas, txhiab na vam, zikatoka kwa Mchina. Sasa hesabu kwa Kiswahili. Moja, mbili, tatu, nne, tano: zetu. Sita, saba: Mwarabu. Nane: yetu. Tisa: Mwarabu. Kumi: yetu. Ishirini, mia, elfu: Mwarabu tena. Ukihesabu mbuzi kumi tu umeshapita kwenye biashara ya karne nyingi. Je, kwa sita na saba hizo tumeacha kuwa Wabantu? Mbona tunasema watu wawili wazuri wamekuja, na kila neno linavaa w?

Sasa, hili ni suala la wasomi tu? Ningependa liwe hivyo. Mwaka 1937 mwanaisimu mkubwa wa China, Li Fang-Kuei, alipanga lugha za nchi yake na akaziweka lugha za Kimiao na ndugu zake Kiyao ndani ya ukoo mmoja na Kichina na Kitibeti. Wasomi wengi wa China wameushika mpango huo hadi leo. Nje ya China wengi wameuacha. Mmarekani Paul Benedict aliziweka kwingine kabisa mwaka 1975, pamoja na lugha za visiwani kama Kimalei, na hiyo nayo haikukubalika sana. Siku hizi nje ya China kawaida huhesabiwa kuwa ukoo unaojitegemea, wenye matawi mawili, Kihmong na ndugu zake upande mmoja, Kimien na wenzake upande wa pili. Simtuhumu Li. Alitumia ushahidi uliokuwepo, na ule ulinganifu wa toni ungemshawishi yeyote.

Ila neno la msomi likishatoka maktabani hufanya kazi nyingine. Ukishasema lugha ya mtu ni tawi la lugha ya mkubwa, kupungua kwake hakuitwi kufa tena, kunaitwa kurudi nyumbani. Mtoto wa Kihmong akienda shule akasomeshwa Kichina kitupu, mtu atasema kuna ubaya gani, si amehama lahaja moja kwenda nyingine? Ndicho nilichokisikia kwenye ule utani wa darasani, na ndicho ninachokisikia hapa kwetu mtu anaposema lugha ya bibi yake ni "kilugha", si lugha. Kile ki- kidogo kinauma.

Wahmong wenyewe walilijua hilo bila kusubiri wanaisimu. Wana hadithi, na inasimuliwa kwa namna nyingi, kwamba zamani walikuwa na vitabu vyao, vikapotea walipokuwa wanawakimbia Wachina: wengine husema vilizama mtoni, wengine husema viliachwa vikaliwa na farasi. Wengine huongeza kwamba wanawake waliyaficha maandishi kwenye mapambo ya nguo zao, paj ntaub, yaani nguo ya maua. Ukiishi karibu na watu walioandika kwa zaidi ya miaka 3,000, na wewe huna hata herufi, lazima utajiuliza zako zilikwenda wapi.

Mwaka 1959 mkulima mmoja, Shong Lue Yang, ambaye hakujua kusoma wala kuandika lugha yoyote, alitokeza na maandishi kamili ya Kihmong, akisema ameyapokea kutoka mbinguni. Yanaitwa Pahawh. Hayafanani na ya Kichina wala ya Kilatini, na yana jambo la ajabu: irabu huandikwa kwanza na konsonanti baadaye, ingawa katika kusoma huanza konsonanti. Asiyejua kusoma aliichambua lugha yake kwa masikio tu, toni zote akazikamata. Wafuasi wakamwita Mama wa Maandishi. Wakubwa wa pande zote mbili za vita wakamwogopa, kwani mtu mwenye maandishi ana wafuasi, na mwaka 1971 aliuawa kwa risasi. Maandishi hayakufa. Mwaka 2014 yaliingizwa katika Unicode, orodha ya herufi zinazotambuliwa na kompyuta duniani.

Kompyuta yenyewe Wahmong wa Marekani wengi huiita khoos phis tawj. Isome polepole, ukikumbuka kwamba s na j hazitamkwi. Wamemchukua Mwingereza, wamemvua konsonanti za mwisho, wamempa toni na kumkalisha sebuleni, palepale wazee wao walipomkalisha Mchina na tsheb yake. Wenzao walioko Yunnan vitu vipya huwajia na majina ya Kichina. Wakikutana, mmoja atalazimika kumweleza mwenzake hiyo mashine ni kitu gani, na maelezo hayo atayatoa kwa Kihmong.